Wageni Wenye Magodoro Mgongoni: Mkazi wa Karibu na Miamba Anafaa Kujua Nini

Ikiwa shamba lako limepakana na kilima chenye mawe makubwa, huenda Jumamosi moja ukaona kundi la vijana wakishuka kwenye gari, kila mmoja amebeba kitu kama godoro mgongoni, kisha wakapotelea vichakani. Jioni wanarudi wakiwa na viganja vyeupe kama watu waliokuwa wakikanda unga, magoti yamechubuka, na wanacheka. Hawatafuti madini, si waganga, na hawajaja kupima mashamba ya watu. Wamekuja kukwea mawe.

Mchezo huo unaitwa boldaringi. Ukweaji wa majabali marefu, ule ambao wengi wameuona kwenye picha, hutumia kamba, misumari na vyuma vya kujifungia. Boldaringi haina kamba. Mkweaji huchagua jiwe la kimo cha mita tatu, nne au tano hivi, akalipanda kwa mikono na miguu tu. Vifaa vyake ni vichache: viatu vya mpira vinavyobana mguu, mfuko mdogo wa unga mkavu wa magnesiamu wa kukausha jasho la vidole, brashi, na lile godoro nene linalotandikwa chini ili akiteleza aangukie hapo. Wenzake husimama nyuma yake wakiwa wameinua mikono. Kazi yao si kumdaka bali kumwelekeza aangukie godoro, asije akagonga kichwa kwenye jiwe la pembeni.

Wachungaji wa mbuzi wa Machakos watasema hakuna jipya hapo, kwamba wao walikwea mawe hayo wakiwa watoto, tena bila viatu. Ni kweli kabisa. Kilicho kipya ni kwamba mchezo huu sasa una mashindano ya kimataifa, na ulikuwa sehemu ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021 na ile ya Paris 2024. Katika michezo ya Los Angeles ya 2028 boldaringi itakuwa na medali zake pekee. Nairobi kuna kuta za ndani ambako vijana hufanya mazoezi, na anayefanya mazoezi ukutani hatimaye hutaka jiwe lenyewe. Mawe yaliyo karibu na jiji yako katika kaunti hii.

Lukenya na mawe yake

Kilima cha Lukenya kiko takriban kilomita 40 kusini-mashariki mwa Nairobi, kando ya barabara ya Mombasa, kikitazama nyanda za Athi. Wakweaji wanaotumia kamba wanakifahamu vizuri. Klabu ya Milima ya Kenya, iliyoanzishwa 1949, imekuwa ikikwea hapo kwa miongo mingi, na kuna njia zilizopewa majina zamani kuliko umri wa wakazi wengi wa Mavoko.

Mwamba wa Lukenya ni ule wa kale sana, uliopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ni mgumu, una chembechembe zinazokwaruza ngozi, na una mistari ya rangi nyeupe na nyeusi iliyojipinda. Mwamba wa namna hiyo hupasuka vipande vikubwa ambavyo huporomoka na kutulia chini ya mteremko. Vipande hivyo ndivyo mkweaji wa boldaringi anavyovitafuta. Si Lukenya pekee yenye mawe hayo. Vilima vingi kutoka Mua na Iveti hadi upande wa Mwala na Masinga vina mwamba wa ukoo huo huo, na watu wa huko wamezoea kuyaona mawe hayo kama kikwazo cha jembe, au kama kokoto zinazosubiri nyundo.

Hapo ndipo suala hili linapogusa mfuko wa mwananchi. Jiwe likipasuliwa kuwa kokoto huuzwa mara moja tu. Kijana anayevunja mawe ana familia ya kulisha, na hakuna anayefaa kumdharau kwa hilo. Lakini mwenye shamba anayemwita mpasuaji mawe anafaa kwanza kujua kwamba jiwe hilo huenda lina thamani nyingine likiwa zima, ili anapochagua awe anachagua kweli.

Eneo hufunguliwaje

Eneo la boldaringi halijengwi kama uwanja wa mpira. Hakuna tingatinga. Kazi huanza kwa kutembea, mara nyingi wakati wa kiangazi nyasi zikiwa fupi, na watu wawili watatu wakizunguka kila jiwe na kuligusa. Wanatafuta mambo manne: kama jiwe ni imara, kama lina mishiko ya vidole na mahali pa kukanyaga, kama pa kuangukia ni tambarare, na kama juu kuna njia ya kushukia. La mwisho husahaulika sana. Wapo waliofika kileleni kwa shangwe wakagundua kwamba hawajui watashukaje.

Jiwe likifaa, linasafishwa. Vipande vilivyolegea vinang'olewa kwa mkono au kwa mtaimbo mdogo, mtu mmoja akiwa chini kuhakikisha hakuna anayepita. Vumbi na ukungu mkavu kwenye mishiko husuguliwa kwa brashi ya nailoni. Brashi ya waya haitumiki, kwa kuwa inakwangua ngozi ya jiwe na kulifanya liteleze milele. Kuchonga mshiko mpya kwa patasi ni mwiko mkubwa zaidi kwa wakweaji wenyewe. Anayeshindwa na jiwe huliacha kama lilivyo kwa atakayeliweza. Mwenye shamba akimwona mgeni na nyundo na patasi ana haki ya kushuku kwamba huyo si mkweaji, au ni mkweaji asiyefaa.

Baadaye njia hukwewa, hupewa jina na kupewa kiwango cha ugumu. Kuna mizani miwili inayotumika duniani. Mmoja ulitoka msitu wa Fontainebleau, karibu na Paris, ambako Wafaransa walianza kukwea mawe ya mchanga kabla ya vita vya pili vya dunia na kuanzia 1947 wakachora mishale ya rangi ya kuonyesha njia. Wa pili ulitoka Hueco Tanks, jimbo la Texas nchini Marekani, nao huanzia V0 na kupanda hadi V17. Anayeanza atakuwa V0 kwa muda, na hiyo si aibu.

Hatua ya mwisho ni ramani: picha ya kila jiwe, mstari wa njia, pa kuegesha gari, vijia vya kupita, na mahali pasipokwewa. Ramani ikishasambazwa, eneo limefunguliwa. Kuanzia siku hiyo watakuja watu ambao hawakuwahi kuzungumza na mwenye shamba wala mzee wa kijiji. Kwa hiyo mazungumzo yote ya maana yanapaswa kufanyika kabla ya ramani.

Wengine walipitia haya

Hueco Tanks ni mfano wa kufungua kwanza na kufikiri baadaye. Mawe ya hapo, karibu na mji wa El Paso, yana maelfu ya michoro ya kale ya jamii za asili za eneo hilo. Kuanzia miaka ya 1980 wakweaji walimiminika kutoka kila pembe ya dunia. Vijia vilizidi, mimea ikakanyagwa, na michoro ikawa hatarini. Mnamo 1998 wasimamizi wa hifadhi waliweka masharti makali. Sehemu kubwa haiingiliki bila kiongozi, na katika kilima cha kaskazini, ambacho mtu anaweza kutembea mwenyewe, idadi ya wageni ilifungwa kuwa 70 kwa wakati mmoja. Kila anayeingia huelezwa kwanza asiguse nini. Wakweaji walilalamika, lakini michoro ingali pale, na wao pia wangali wanaenda.

Karibu na sisi zaidi ni Rocklands, katika milima ya Cederberg nchini Afrika Kusini. Karibu na hapo ni mji mdogo wa Clanwilliam, unaojulikana kwa majani ya chai ya rooibos. Kati ya Juni na Agosti, wakati wa baridi yao, wageni wa nje huja kukwea. Sehemu ya mawe imo katika hifadhi ya serikali ya jimbo na anayetaka kukwea hulipia kibali. Sehemu nyingine iko kwenye mashamba ya watu binafsi, na wenye mashamba hukodisha nyumba na viwanja vya kupiga hema. Huko nako kuna michoro ya kale ya Wasan, na mawe yenye michoro hayakwewi. Inafaa kutazama pesa za Rocklands zinatoka wapi. Nyingi hutoka kwa kitanda, chakula na maji ya moto. Jiwe lenyewe huleta kidogo.

Ithembo, makaburi na mawe ya kale

Si kila jiwe ni la kuchezea. Kwa Wakamba, ithembo ni mahali pa sala na sadaka, aghalabu penye mti mkubwa au mwamba, na wazee wanajua mipaka yake hata kama hakuna ua wala kibao. Mgeni hawezi kujua. Kijana aliyezaliwa Syokimau huenda pia asijue. Ni wajibu wa wakazi kusema mapema, kabla ya kijia kuchimbika, kwamba mawe yale matatu chini ya mkuyu hayaguswi. Wakweaji wengi wakiambiwa huelewa, na ramani zao zina nafasi ya kuandika hivyo.

Lukenya ina jambo la ziada. Watafiti waliochimba chini ya mapango yake wamepata vifaa vya mawe na mifupa ya watu na wanyama walioishi hapo zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Baadhi ya vifaa hivyo vilichongwa kwa jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, lililotoka upande wa Bonde la Ufa, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mahali pazuri pa kutandika godoro, yaani penye kivuli, pakavu na tambarare chini ya mwamba ulioinama, ndipo hasa mtu wa kale alipopapenda. Kusawazisha udongo kwa jembe ili pawe laini pa kuangukia kunaweza kuharibu kumbukumbu ambayo haiandikwi mara ya pili. Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inalinda maeneo kama haya, na anayekutana na kitu cha kale anatakiwa kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Asikiokote, na asikiweke mtandaoni kwanza.

Nani wa kuombwa ruhusa

Swali hili ndilo huleta ugomvi, kwa hiyo lielezwe polepole.

Kama jiwe liko kwenye shamba lenye hati miliki, mwenye hati ndiye wa kuombwa. Kilima hakiwi cha umma kwa sababu tu hakilimwi. Mgeni anayeingia bila ruhusa anaweza kuambiwa aondoke, na Sheria ya Uvamizi iko upande wa mwenye shamba. Lakini kumtoza mgeni pesa njiani wakati shamba ni la jirani si halali, na baadhi ya vijana wanafaa kusikia hilo waziwazi.

Kama ardhi ni ya jamii, hakuna mtu mmoja awezaye kuiuza wala kuikodisha kwa niaba ya wote, hata akiwa mwenyekiti. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba wowote na mwekezaji lazima uidhinishwe na theluthi mbili ya wanachama watu wazima katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Karatasi iliyotiwa saini hotelini na watu watatu haina nguvu.

Kama ni msitu wa serikali, ruhusa inatoka kwa Shirika la Huduma za Misitu, na katika mbuga ya kitaifa kama Ol Donyo Sabuk inatoka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Wanaojua Hell's Gate kule Nakuru, mbuga ambayo watu hukwea majabali yake, wanaujua utaratibu huo: unalipia langoni, unafuata kanuni za mbuga.

Kaunti inaingia wapi? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la utalii wa mashinani, viwanja vya burudani, michezo na utamaduni. Haikuzipa kaunti uwezo wa kumlazimisha mwananchi kufungua shamba lake kwa wakweaji. Kaunti inaweza kupanga matumizi ya ardhi, kutengeneza barabara ya kuingia, kuweka vyoo na vibao, na kuwakutanisha watu. Ada yoyote inayokusanywa na kaunti lazima iwe kwenye sheria yake ya fedha, ambayo wakazi huitolea maoni kila mwaka, na ilipwe kwa njia rasmi. Anayedai pesa taslimu bila risiti kwa jina la kaunti aripotiwe.

Wanaotaka kupasua mawe nao wana sheria zao. Mawe ya ujenzi yako chini ya Sheria ya Madini ya 2016, na timbo linahitaji pia idhini ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Kuwa na hati ya shamba peke yake hakutoshi.

Mtu akiumia

Mifupa huvunjika katika mchezo huu, hasa ya kifundo cha mguu na mkono. Wenye mashamba wengi huuliza kama watashtakiwa. Sheria ya Wajibu wa Wenye Majengo na Ardhi, Sura ya 34, inamtaka mwenye eneo achukue uangalifu wa kadiri ili mgeni aliyeruhusiwa asidhurike. Sheria hiyo hiyo inatambua kwamba mgeni anaweza kuikubali hatari kwa hiari yake, na kwamba onyo linalotosha linaweza kumwondolea mwenye eneo lawama. Kwa hiyo kibao kinachosema kuna kisima kisichofunikwa, mzinga wa nyuki au jiwe linalotikisika kina kazi yake, kandokando ya daftari la wageni wanaotia saini. Shamba likianza kupokea wageni wengi, ushauri wa wakili na bima si anasa.

Hatari nyingine haziandikwi kwenye ramani. Moma hupenda kujilaza penye jua asubuhi, hasa pembeni mwa jiwe lenye joto, na hakimbii anaposikia hatua kama nyoka wengine. Nyuki hujenga katika nyufa. Mizinga ya wakazi nayo ina mwenyewe, na kelele pamoja na jasho huwachokoza nyuki. Pimbi wanaoishi kati ya mawe si hatari, lakini ni chakula cha tai mweusi, na kuwafukuza ni kumfukuza tai. Mahali penye nyuki au kiota cha ndege mkubwa huachwa, hata kama njia ni nzuri kiasi gani.

Godoro haliondoi hatari ya mtoto anayeiga bila godoro. Wazazi wanaoishi karibu na mawe yanayokwewa waongee na watoto wao, na wakweaji wanaoulizwa na watoto kama wanaweza kujaribu wasiwaache wapande peke yao. Katika dharura nambari za kupiga ni 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Anayepiga aeleze jina la njia ya kuingilia na shule au kanisa lililo karibu, maana ambulensi haiwezi kutafuta "kwenye lile jiwe kubwa."

Pesa, bila kutia chumvi

Kundi la wakweaji sita halitajenga shule. Wanaokuja kwa siku moja kutoka Nairobi huja na chakula chao. Pesa huanza kubaki wanapolala: kiwanja cha hema chenye choo safi na maji, chapati na ndengu jioni, chai asubuhi, mtu wa kulinda gari, bodaboda kutoka barabara kuu, na kijana wa hapo anayejua mawe, vijia na nyoka na anayelipwa kuwatembeza. Mwenye shamba anayetoza kila kichwa pesa kidogo, akatoa risiti na kutunza choo, huwa na wateja wanaorudi. Anayetoza pesa nyingi siku ya kwanza na kupandisha siku ya pili hubaki na mawe yake.

Kuna gharama pia. Taka, kelele za usiku, ng'ombe waliotorokea lango lililoachwa wazi, na unga mweupe unaobaki kwenye mishiko kama madoa hadi usuguliwe au mvua inyeshe. Yote haya yaandikwe kwenye makubaliano mapema: idadi ya watu kwa siku, saa za kuondoka, moto uwashwe wapi au usiwashwe kabisa, nani anabeba taka, na eneo lifungwe lini, kwa mfano wakati wa kupanda au siku za sala. Ukurasa mmoja wa Kiswahili au Kikamba uliotiwa saini unatosha kuanzia, mradi kila upande ubaki na nakala.

Mkazi ambaye tayari ameona wageni kwenye mawe ya jirani, au anayetaka mawe yake yatazamwe kabla hajamwita mpasuaji, aanzie kwa msimamizi wa wadi. Abebe nakala ya hati ya shamba au barua ya kundi la ardhi ya jamii, na ikiwezekana aende na mzee anayejua mahali pasipoguswa. Wakweaji wanaotaka kutembelea kilima kipya waanzie ofisi hiyo hiyo, siku ya kazi, kabla ya ile Jumamosi ya magodoro.